Meli Moja, Bei Nyingi: Petroli ya Jirani Tuipime kwa Haki

Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya husubiri tangazo la EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na mafuta nchini mwao. Watanzania hupata bei kikomo kutoka EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Wanyarwanda hutangaziwa na RURA kila baada ya miezi miwili. Kabla tangazo halijapoa, watu huwa wameshaanza kulinganisha. Mbona Dar es Salaam ni nafuu kuliko Nairobi? Mbona Uganda isiyo na bahari hainunui ghali kuliko Kenya yenye bandari? Mbona Mmarekani, pamoja na kipato chake, analipa kidogo kuliko mwendesha bodaboda wa Kisumu? Maswali hayo husindikizwa na orodha ya nchi, kila moja na bei yake ya lita iliyogeuzwa kuwa dola, na orodha hiyo huchukuliwa kama hukumu. Maswali ni ya haki, na mwananchi anayeyauliza asinyamazishwe. Ninachokipinga ni kipimo. Bei ya lita kwa dola, ikisimama peke yake, huficha kile hasa tunachotakiwa kukijua: nani amechukua kiasi gani katika lita hiyo, na mnunuzi ameitolea jasho kiasi gani.

Tuanze na jambo linalowauma Wakenya zaidi, yaani bei ya Uganda. Mnamo Septemba 2025 lita ya petroli Nairobi iliuzwa kwa kikomo cha shilingi 184.52. Kampala, ambako serikali haipangi bei na kila kituo hujiamulia, lita ilikuwa karibu shilingi 5,000 za Uganda. Ukizigeuza zote kwa viwango vya fedha vya wakati huo, Nairobi inakaribia dola 1.43 na Kampala dola 1.42. Mafuta ya Kampala, kwa sehemu kubwa, yameshushwa Mombasa kwenye gati lile lile la Kipevu, yamesukumwa katika bomba lile lile linalopita Nairobi hadi Eldoret na Kisumu, kisha yamepakiwa kwenye malori na kuvushwa mpakani Malaba au Busia. Yamesafiri mbali zaidi na yameshikwa na mikono mingi zaidi, na bado hayakuwa ghali zaidi. Wengi wakifika hapo husema wizi. Jibu la kwanza, hata hivyo, halihitaji mwizi. Mafuta yanayopita kwenda nchi nyingine hayalipi kodi za Kenya. Lita iliyobaki Kenya hukatwa ushuru wa bidhaa wa karibu shilingi 22, tozo ya matengenezo ya barabara shilingi 25, tozo ya maendeleo ya petroli shilingi 5.40, halafu VAT ya asilimia 16, na ada nyingine ndogo ndogo za uagizaji na reli. Kwa bei ile ya Septemba, jumla inafika takriban shilingi 80, sawa na senti 62 za dola. Lita iliyovuka mpaka hukutana na ushuru wa Uganda wa shilingi 1,550, kiwango kilichoanza Julai 2024, ambao ni kama senti 44. Tofauti ya senti 18 hivi ndiyo inayolipa lori, dereva na maili zote za ziada, na chenji ikabaki.

Hapo lawama inabadilika sura. Anayeamini kwamba tofauti yote ni wizi wa wafanyabiashara atadai makampuni yachunguzwe, na pengine yachunguzwe kweli. Lakini akiuona mchanganuo atagundua kwamba sehemu kubwa ya anachokilalamikia ilipitishwa mchana kweupe bungeni, kwa kura, na wabunge aliowachagua mwenyewe. VAT ya mafuta Kenya ilikuwa asilimia 8 hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoipandisha kuwa 16. Tozo ya barabara ilikuwa shilingi 18 hadi Julai 2024. Kwa maeneo ya mpakani athari zake zilionekana wazi: madereva wa Busia upande wa Kenya walivuka kujaza matangi upande wa pili, na mafuta yaliyoandikwa kuwa ya kwenda nje yakawa na kishawishi cha kumwagwa humu humu ndani kwa magendo. Mpaka ambao tofauti yake ni ya kodi huwafaidi wachache wenye malori na vidumu, ilhali hazina ya serikali inakosa na mwenye kituo halali anakosa.

Tanzania inatufundisha jambo la ndani zaidi, ambalo orodha ya dola haiwezi kulionyesha hata ikipangwa vizuri vipi. Si kwamba Tanzania haitozi mafuta. Inatoza, na inaongeza. Mwaka 2021 iliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, na mwaka 2023 shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Tofauti iko katika namna ya kutoza. Petroli, dizeli na mafuta ya taa Tanzania havina VAT. Tozo zake kuu ni za kiasi maalumu, shilingi kadhaa kwa lita, bei ya dunia ipande au ishuke. Kenya ina tozo za namna hiyo, na juu yake imeweka asilimia 16. Kwa hiyo bei ya mafuta ghafi ikipanda hata gharama ya kufikisha lita Nairobi ikaongezeka kwa shilingi 20, Mkenya halipi 20 hizo tu. Hulipa na 3.20 za VAT juu yake. Serikali inapata zaidi wakati ule ule ambao mwananchi anaumia zaidi. Mtanzania naye anaumia, kwa kuwa bei ya dunia haimbagui, lakini kodi yake haipandi pamoja na maumivu. Huu ni uamuzi wa kisera unaoweza kujadiliwa na kubadilishwa, na kwa maoni yangu ndio unaostahili mjadala kuliko swali la nani yuko nafasi ya ngapi katika Afrika. Kulinganisha bei bila kujua hayo ni sawa na kulinganisha kodi ya chumba Kariakoo na Eastleigh bila kuuliza kama maji na umeme vimo humo humo.

Dola yenyewe ni kipimo kinachoyumba, na ushahidi wake hauhitaji kutafutwa mbali. Katikati ya Januari 2024 bei ya petroli Nairobi ilitangazwa kuwa shilingi 207.36. Shilingi ya Kenya wakati huo ilikuwa imeporomoka hadi kiasi cha 160 kwa dola, kwa hiyo lita ilikuwa karibu dola 1.30. Februari serikali ikalipa sehemu kubwa ya deni la hatifungani lililokuwa limewatia hofu wawekezaji, shilingi ikapata nguvu kwa kasi, na kufikia katikati ya Aprili dola moja ilikuwa shilingi 130 hivi. Bei ya petroli nayo ikashuka hadi 193.84. Mwenye matatu au pikipiki alilipa karibu shilingi 14 pungufu kwa kila lita, akashukuru. Lakini kwenye orodha ya dola Kenya ilikuwa imepanda kutoka 1.30 hadi 1.49. Katika miezi ile ile mitatu, orodha ikamwambia Mkenya kwamba petroli yake imekuwa ghali zaidi, na mfuko wake ukamwambia kwamba imekuwa nafuu. Mfuko wake ndio uliokuwa ukisema kweli. Mtu aliyeziandika takwimu zote mbili bila kosa hata moja la hesabu angekuwa bado amempotosha msomaji.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo nafasi za nchi kwenye orodha hazibadiliki sana, na aliye nafuu leo atakuwa nafuu kesho. Si kweli, walau si kwa nchi zetu. Agosti 2022 lita ya petroli ilikuwa shilingi 159.12 Nairobi, sawa na dola 1.33 hivi, na shilingi 3,410 Dar es Salaam, sawa na karibu dola 1.46. Miezi kumi na minne baadaye, Oktoba 2023, Nairobi ilikuwa 217.36, yaani dola 1.46 hivi, na Dar es Salaam 3,281, yaani dola 1.31. Nchi zimebadilishana viti kabisa. Katika muda huo hakuna aliyeihamisha bandari ya Mombasa wala ya Dar es Salaam. Kilichohama ni sera. Agosti 2022 serikali zote mbili zilikuwa zikitoa ruzuku, lakini ya Kenya ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba, bila hiyo, bei ya Nairobi ingezidi shilingi 200. Mwezi uliofuata serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli na bei ikaruka hadi 179.30, mwaka uliofuata ikaja VAT mpya, huku thamani ya shilingi ikishuka.

Na ile bei nafuu ya kabla ya hapo ilikuwa nafuu kwa nani? Ruzuku ililipwa kwa kuchelewa. Makampuni ya mafuta yakadai mabilioni serikalini, na Aprili 2022 yakapunguza mgao wa vituo. Foleni zikajaa barabarani Nairobi na miji mingine, vituo vikaandika kwamba petroli imekwisha, na waliokuwa na haraka wakanunua kwenye vidumu kwa bei waliyoambiwa. Mtu aliyelinganisha bei za wiki ile angeiandika Kenya kuwa miongoni mwa nchi nafuu za ukanda huu. Bei iliyotangazwa ilikuwa ya kweli. Mafuta ya kununuliwa kwa bei hiyo ndiyo yaliyokosekana.

Burundi ndiyo inayolionyesha jambo hili kwa ukali kuliko nchi yoyote jirani. Kwa miaka kadhaa sasa uhaba wa fedha za kigeni umefanya mafuta yakosekane Bujumbura kwa wiki na miezi. Bei rasmi ipo, imewekwa na serikali, na kwa kiwango rasmi cha kubadilisha faranga haionekani mbaya. Lakini magari yameegeshwa kwenye mstari mbele ya vituo vilivyokauka, wafanyakazi wanatembea kwa miguu kwenda kazini, na mafuta yanayopatikana ni ya magendo, ya vidumu na chupa, kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile rasmi. Wenye uwezo wamekuwa wakivuka hadi Uvira, upande wa Kongo, kutafuta petroli ambayo kwao ina bei rasmi lakini haipo. Kuiweka Burundi kwenye jedwali moja na Rwanda kwa kutumia bei za serikali ni kumdhulumu Mrundi mara ya pili, kwa sababu hata shida yake inafutwa kwenye kumbukumbu. Jedwali la haki lingeuliza kwanza kama mafuta yapo.

Kisha lingeuliza mnunuzi anapata nini kwa mwezi. Nigeria ilikuwa, kabla ya Mei 2023, moja ya nchi za petroli nafuu kabisa duniani, chini ya naira 200 kwa lita, kama senti 43 za dola. Siku Rais Bola Tinubu alipoapishwa, tarehe 29 Mei, alitangaza kwamba ruzuku imekwisha, na katika siku chache bei ikapita naira 500. Oktoba 2024 ilikuwa karibu naira 1,000 Lagos na 1,030 Abuja. Lakini naira nayo ilikuwa imeanguka kutoka 460 kwa dola hadi zaidi ya 1,600, kwa hiyo kwa dola lita ilikuwa senti 61 hivi, na Nigeria ikaendelea kung'aa kwenye orodha kama nchi nafuu, nafuu kuliko Marekani. Sasa tazama kwa kipimo cha mshahara. Kima cha chini cha naira 30,000 cha kabla ya mabadiliko kilinunua zaidi ya lita 150 kwa mwezi. Kima kipya cha naira 70,000, kilichopitishwa Julai 2024 ili kuwapoza watu, kilinunua lita 70 tu. Mfanyakazi ameongezewa mshahara zaidi ya mara mbili na bado lita zake zimepungua kwa zaidi ya nusu. Anayemwambia Mnigeria kwamba bei yake ni nusu ya bei ya Nairobi anasema jambo la kweli lisilomsaidia kwa lolote.

Tukijipima sisi wenyewe kwa mizani hiyo, picha inakuwa ya kutia uchungu. Kibarua wa kawaida wa Nairobi, kwa kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kilichoanza Novemba 2024, angeweza kununua lita 87 kwa mshahara mzima wa mwezi, asile, asilipe kodi ya nyumba, asimpeleke mtoto shule. Uganda, kima cha chini kilichomo kwenye sheria ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984. Hakijawahi kubadilishwa, na leo kinanunua lita moja na kidogo. Norway, nchi ambayo kwenye orodha za dola huwa karibu na kilele cha ughali, lita ikiwa dola 2 hivi, mshahara wa wastani wa mwezi mwaka 2024 ulikuwa karibu kroner 59,000 kabla ya kodi, ambao ulinunua zaidi ya lita 2,500. Najua nimelinganisha kima cha chini na wastani, na mtaalamu wa takwimu atanisahihisha. Lakini hata ukiigawa namba ya Norway kwa mbili, au kwa nne, pengo linabaki pale pale. Ughali hauko kwenye bango la kituo tu. Uko pia kwenye karatasi ya mshahara, na serikali inayojitetea kwamba bei zetu ni za kawaida duniani inapaswa kuulizwa kama mishahara yetu nayo ni ya kawaida duniani.

Pingamizi ninalolisikia zaidi, hasa Uganda na Turkana, ni kwamba suluhisho liko ardhini: nchi ikichimba mafuta yake, raia wake watanunua kwa bei ya chini. Matumaini haya yanaeleweka, na sidhani ni sawa kuyadharau. Lakini ushahidi wa dunia haujayaunga mkono. Libya inauza petroli kwa dinari 0.15 kwa lita, chini sana ya gharama, na matokeo yake ni biashara kubwa ya magendo ya kwenda nchi jirani, huku baadhi ya miji yake yenyewe ikikosa mafuta. Venezuela, yenye akiba kubwa ya mafuta ghafi kuliko nchi yoyote, ilikaribia kuyagawa bure kwa miaka mingi. Mwaka 2020 raia wake walikuwa wakilala kwenye foleni, na meli za kutoka Iran ndizo zilizowaletea petroli. Norway ilichukua njia nyingine kabisa: inauza mafuta yake kwa bei ya dunia, inawatoza raia wake kodi kubwa kituoni, na faida ya nchi inaiweka kwenye mfuko wa akiba kwa ajili ya vizazi. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yatakayopita kwenye bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yatauzwa kwa wenye viwanda vya kusafisha, kwa bei ya dunia. Ukanda huu ulikuwa na viwanda vyake: cha TIPER Dar es Salaam kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na cha Changamwe Mombasa kikasimama mwaka 2013. Hata kile kinachopangwa Hoima kikikamilika, lita itakayotoka humo itakuwa na bei ambayo serikali imeamua iwe nayo. Swali la nani anachukua kiasi gani litakuwa limehama kutoka Mombasa kwenda Hoima, na litabaki bila jibu kama hatujajifunza kuliuliza sasa.

Lipo pingamizi jingine ambalo nalipa uzito zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wenye uchungu na maskini. Linasema: achana na michanganuo, kodi ya mafuta ni kodi ya maskini, ifutwe. Sehemu yake ni kweli, na ni kweli kwa namna ambayo orodha za petroli haziionyeshi. Petroli ni ya magari madogo na pikipiki. Dizeli ndiyo inayovuta lori la mahindi kutoka Sumbawanga, inayosaga unga kijijini ambako umeme haujafika, inayoendesha basi la mkoani na trekta. Mafuta ya taa ndiyo ya koroboi na jiko la mama asiye na gesi. Mafuta ya taa ndiyo yaliyoonja kodi kali kuliko uzito wa mtumiaji wake: Tanzania iliipandisha kodi yake mwaka 2011 na Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, nchi zote mbili kwa sababu moja, uchakachuaji. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa ya bei nafuu na dizeli na kuharibu injini za watu, na serikali zikaona njia rahisi ya kukomesha tofauti ya bei ni kuiondoa. Injini zimepona. Lakini gharama ya kuwadhibiti wenye malori imewekwa kwenye chupa ya mafuta ya taa ya familia isiyomiliki hata baiskeli, na Oktoba 2023 familia hiyo ya Nairobi ililipa shilingi 205.06 kwa lita. Mtu akisema kwamba hilo lilipaswa kutatuliwa kwa ukaguzi na siyo kwa kodi, nakubaliana naye kabisa.

Hata hivyo kufuta kodi yote hakutawafikia maskini kwa kiasi wanachoahidiwa. Anayejaza tangi la gari kubwa mara mbili kwa wiki atanufaika mara nyingi kuliko abiria wa daladala, na barabara anayopita daladala ndiyo itakayokosa lami. Marekani inaonyesha upande huo. Kodi ya serikali kuu kwa petroli huko ni senti 18.4 kwa galoni, na galoni ni lita karibu 3.8, kwa hiyo haifiki senti 5 kwa lita. Haijapandishwa tangu 1993, na ingawa majimbo huongeza zao, mfuko wa barabara kuu umelazimika kuokolewa mara kwa mara kwa fedha za hazina. Tozo ya barabara ya Kenya peke yake ni karibu senti 19 kwa lita. Raia wa Kenya, kwa hiyo, anachangia barabara kwa kila lita karibu mara nne ya kile anachodaiwa Mmarekani na serikali yake ya Washington. Haki yake ya kuuliza barabara ziko wapi ni kubwa kwa kiasi hicho hicho. Na anapouliza, ajibiwe kwa ukamilifu, likiwemo hili: kati ya zile shilingi 25, shilingi 7 zimeshauziwa wakopeshaji ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Huenda ulikuwa uamuzi mzuri, kwani makandarasi wengi walikuwa wamefilisika wakisubiri. Lakini maana yake ni kwamba sehemu ya lita ya miaka ijayo inalipia barabara za miaka iliyopita, na bei haiwezi kushuka kwa kiasi hicho hata mafuta ghafi yakiporomoka.

Nakiri pia kwamba kodi haielezi kila kitu, na waliosema wizi wasifukuzwe kikaoni. Mwishoni mwa 2023 Rais Museveni alilalamika hadharani kwamba Uganda ilikuwa ikinunua mafuta kupitia makampuni ya kati ya Kenya kwa bei iliyoongezwa isivyo lazima, na mwaka uliofuata Shirika la Mafuta la Uganda likaanza kuagiza lenyewe pamoja na kampuni ya Vitol. Kenya nayo tangu 2023 inanunua kwa mkopo wa siku 180 kutoka makampuni ya Saudia na ya Falme za Kiarabu, na mkopo wowote una gharama yake ambayo mtu huilipa. Faida za waagizaji, gharama ya usafirishaji wa baharini na ya mkopo ni sehemu ndogo ya lita zikilinganishwa na kodi, lakini ndizo zenye giza zaidi. Kodi walau imeandikwa kwenye sheria; mwenye muda anaweza kuisoma.

Kwa hiyo ninachokidai ni kitu kinachowezekana. EWURA na EPRA tayari huchapisha sehemu kubwa ya takwimu zao, kila moja kwa mpangilio wake na kwa lugha ya wahasibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuzitaka nchi wanachama zichapishe jedwali moja la namna moja kila mwezi, kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Jumuiya: lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa, gharama yake bandarini, usafiri wa ndani, faida ya muagizaji na ya mwenye kituo, kila kodi na jina lake na kazi yake. Mji wa bandari na mji wa mbali iandikwe yote miwili, kwa sababu Dar es Salaam si Kagera, ambako lita huzidi kwa zaidi ya shilingi 200, na Mombasa si Mandera. Pembeni iwekwe idadi ya lita ambazo kima cha chini cha mshahara kinanunua, na siku ambazo vituo vilikuwa vikavu. Uganda italalamika kwamba haipangi bei, lakini kuchapisha si kupanga. Burundi itaona aibu, na pengine aibu hiyo ingeharakisha kitu.

Kenya, Uganda na Tanzania husoma bajeti zao siku moja, Alhamisi moja ya mwezi Juni. Siku hiyo mawaziri hutaja tozo mpya za mafuta kwa sentensi moja moja, katikati ya hotuba za saa nzima, na wabunge hupiga meza. Jedwali hilo lingekuwa mikononi mwa wananchi wiki moja kabla, kila mbunge angelazimika kuonyesha ni mstari upi anaoupandisha, na kwa nini jirani yake hakuupandisha.